Mkono Hujifunzaje?



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu amelifanya, walakini ni wachache waliopata kujiuliza hutendekaje. Jambo lenyewe ni kujifunza kazi ya mwili: kupanda baisikeli, kusuka ukili, kushona kwa cherehani, kutupa wavu, kuandika kwa kalamu. Mwanzo mkono ni mzito, nao hautii. Kisha siku moja twautazama, nao watenda kazi yake wenyewe huku sisi twazungumza na jirani. Katikati ya siku zile mbili kumetokea nini?

Tumtazame kijana ajifunzaye baisikeli. Kaka yake amwambia: "Ukielekea kuanguka upande wa kushoto, geuza usukani kidogo upande ule ule wa kushoto." Maneno hayo ni ya kweli. Kijana ayasikia, ayafahamu, aweza hata kuyakariri. Apanda, aanguka. Aambiwa tena, aanguka tena. Baada ya siku chache aenda vizuri mpaka kisimani na kurudi. Sasa mwulize: "Umefanyaje?" Hawezi kukuambia. Lile alilokuwa akilijua kwa maneno halikumsaidia sana, na lile linalomsaidia sasa halina maneno.

Basi hapo twaona ya kuwa kujua kwa kichwa na kujua kwa mkono ni mambo mawili. Si mithali tu, bali ni jambo lililopimwa.

Ushahidi mkubwa ulitoka kwa mtu mmoja wa Marekani, jina lake Henry Molaison. Tangu ujana wake alisumbuliwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa katika mji wa Hartford, akaondolewa sehemu fulani za ndani ya ubongo, kulia na kushoto, ili apate nafuu. Kifafa kilipungua, lakini likatokea jambo zito ambalo hakuna aliyelitazamia. Tangu siku ile hakuweza kuweka moyoni habari mpya. Akionana na mtu asubuhi, mchana humwona kuwa mgeni. Akila chakula, baada ya kitambo hajui kama amekula.

Mwaka 1955 mtaalamu mmoja kutoka Montreal, Bibi Brenda Milner, alimpa kazi ya mkono. Alimwekea karatasi yenye picha ya nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, akamwambia apitishe kalamu katikati ya mistari ile. Lakini asiutazame mkono wake wenyewe. Autazame katika kioo tu. Msomaji na ajaribu nyumbani, ataona jinsi ilivyo taabu, maana katika kioo mkono huonekana kwenda kinyume. Bwana Molaison alikosea sana siku ya kwanza. Siku ya pili makosa yalipungua. Siku ya tatu aliichora nyota vizuri. Na kila alipoletwa mezani alisema hajapata kuiona kazi ile maishani mwake!

Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hana habari. Mtu huyo alifariki mwaka 2008, naye amewafundisha wataalamu mengi kuliko walimu wengi. Kwa ajili yake twajua ya kuwa ubongo una zaidi ya chuo kimoja. Chuo cha habari na majina kina mahali pake, na chuo cha mikono na miguu kina mahali pengine.

Sasa tuingie katika chuo hicho cha pili, tuone kazi ifanyikavyo.

Ubongo wa mtu mzima una chembe hai za fahamu zipatazo milioni 86,000. Kila chembe ina nyuzi nyembamba mno za kupelekea na kupokea habari. Ndani ya uzi mmoja habari hupita kwa nguvu za umeme. Lakini uzi wa chembe moja na mwili wa chembe nyingine kwa kawaida haugusani. Pana mwanya mdogo kabisa baina yao. Habari huuvukaje mwanya huo?

Jawabu lilipatikana kwa mioyo ya vyura. Mwaka 1921, katika mji wa Graz katika nchi ya Austria, mtaalamu Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Moyo wa kwanza ulikuwa na mshipa wake wa fahamu. Alipouamsha mshipa ule kwa umeme, moyo ukaanza kupiga polepole. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akauwekea moyo wa pili, ambao haukuguswa na umeme hata kidogo. Na ule wa pili nao ukapiga polepole! Basi palikuwa na kitu ndani ya maji. Mshipa ulikuwa umetoa dawa fulani, na dawa ile ndiyo iliyouambia moyo upunguze mwendo. Mwaka 1936 Loewi alipewa tuzo la Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza kwa kazi hiyo. Dawa ile huitwa asetilikolini, nayo ndiyo itumiwayo na mishipa yetu kuiamrisha misuli ya mikono na miguu.

Vitu vya namna hii, vilivyotengenezwa na mwili wenyewe, ndivyo viitwavyo kemikali za ubongo. Ziko nyingi, na kila moja ina kazi zake. Jioni hii twachagua moja ihusuyo sana mazungumzo yetu, nayo ni dopamini.

Zamani watu hawakuidhania dopamini kuwa ni kitu cha maana. Walidhani ni kitu cha njiani tu, ambacho mwili hukigeuza kuwa kitu kingine. Katika miaka ya 1957 na 1958 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kuwa sivyo. Aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, ambayo asili yake ni mizizi ya mmea mmoja wa Bara Hindi. Sungura walizubaa, wasiweze kujongea. Akawadunga levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Muda si mrefu sungura wakainuka wakaanza kutembea. Mwaka 2000 naye akapewa tuzo la Nobel pamoja na wenzake wawili.

Basi bila dopamini mwili hauendi vizuri. Lakini je, ina kazi gani katika kujifunza? Hili lilionekana wazi baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, kwa kazi ya Wolfram Schultz na wenzake huko Fribourg katika nchi ya Uswisi. Walizisikiliza chembe zinazotoa dopamini ndani ya ubongo wa nyani, kwa uzi mwembamba wa madini, huku nyani akipewa tone la maji ya matunda.

Mara ya kwanza, tone likija bila kutazamiwa, chembe zile zilitoa habari kwa nguvu. Kisha wakaanza kumpa nyani ishara kabla ya tone. Nyani alipokwisha kuizoea ishara, chembe zilianza kuamka kwa ile ishara, na tone lenyewe lilipokuja hazikuamka tena, kwa kuwa si jambo geni. Na ishara ikitolewa kisha tone lisije, chembe zilinyamaza kabisa, saa ile ile ambayo tone lilitazamiwa.

Tulifikiri vizuri jambo hili. Dopamini haikuwa ikisema tu, "Nimepata kitu kitamu." Ilikuwa ikipima tofauti baina ya yaliyotazamiwa na yaliyopatikana. Yakizidi, yapanda. Yakiwa sawasawa, yatulia. Yakipungua, yashuka. Hii ndiyo habari amhitajiye kila mwanafunzi: si habari ya kwamba amefanya kazi, bali habari ya kwamba mara hii imekuwa bora kuliko ile iliyopita, au mbaya zaidi.

Sasa turudi kwa msichana anayejifunza kusuka ukili kwa mama yake. Vidole vyake vyajaribu huku na huku. Mara moja chane yalala mahali pake, na mkono wasikia kuwa imekaa. Saa ile ile dopamini yamwagika katika sehemu za ndani ya ubongo zinazochagua mwendo gani utendeke. Viungo baina ya chembe zilizotoka kufanya kazi kitambo hicho huongezwa nguvu. Vile visivyohusika havipati kitu. Kesho vidole vikitaka kusuka, mwendo ule huja kwa wepesi kidogo. Kesho kutwa kwa wepesi zaidi. Ni kama njia ya miguu katika majani: hakuna aliyeikata kwa jembe, bali kila apitaye huilaza majani kidogo, hata ikawa njia.

Huyo ni mwalimu wa kwanza, asifuye lililo jema. Lakini yuko wa pili, asahihishaye kosa. Nyuma ya kichwa, chini, pana sehemu iitwayo ubongo mdogo. Uzito wake ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ubongo wote, walakini ndani yake zimo chembe nne katika kila chembe tano za ubongo. Huko chembe kubwa hupokea kila moja uzi mmoja maalumu uletao habari ya kosa. Mwaka 1982 Masao Ito wa Japani na wenzake walionyesha ya kuwa uzi ule ukileta habari, viungo vilivyokuwa vikifanya kazi wakati ule hupunguzwa nguvu. Kijana wa baisikeli akigeuza usukani kupita kiasi, kule nyuma viungo vilivyoleta kosa hulegezwa. Hivyo kuanguka kwake hakukuwa bure. Mwanafunzi asiyekosea kamwe hana la kusahihishwa.

Yuko na mwalimu wa tatu, ambaye watu wengi humdharau, naye ni usingizi. Mwaka 2002 wataalamu wa Boston, Marekani, walitoa habari za kazi yao. Waliwafundisha watu wanaotumia mkono wa kulia kubonyeza vitufe vinne kwa vidole vya mkono wa kushoto, kwa mfuatano mmoja, upesi wawezavyo. Waliofundishwa asubuhi, walipopimwa usiku kabla ya kulala, hawakuwa wameendelea kwa kiasi cha maana. Lakini walipolala na kupimwa asubuhi ya pili, upesi wao ulizidi kwa karibu sehemu moja katika tano, ingawa hapakuwa na mazoezi yo yote katikati. Mwili ulilala, lakini chuo cha mikono hakikufungwa.

Basi katika habari hizi twaweza kuchukua mashauri kwa ajili ya nyumba zetu, karakana zetu na shule zetu.

La kwanza, kazi ya mkono na ifunzwe kidogo kidogo kila siku. Nusu saa kwa siku sita yafaa kuliko saa tatu kwa siku moja, maana kila usiku mmoja hujenga juu ya mchana wake. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, mwanafunzi na auone mwisho wa kazi yake mara moja. Fundi akikitazama kipande baada ya siku tatu, ubongo hauwezi tena kujua ni mwendo gani wa kidole ulioleta mshono mzuri. Akisema papo hapo, "Naam, hapo umeshika vizuri," habari hufika wakati viungo vingali na alama ya kazi yao.

La tatu lawahusu wale wanaofundisha kwa ufito. Sisi hatukatai adabu. Lakini fikirini: mtoto amekosea herufi, naye apigwa kiganja. Ufito umemwambia kuwa amekosea, jambo ambalo huenda alikwisha kuliona mwenyewe. Haukumwambia kalamu ilikwenda wapi, wala yapasa iende wapi. Mkono unaotetemeka kwa hofu ndio huo huo utakiwao kuandika herufi ya pili. Mtoto anayechelewa kujifunza mara nyingi si mjinga wala si mkaidi. Ubongo wake wajenga njia, na njia haijengwi kwa amri.

Kabla ya kumaliza, lipo jambo moja ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote tuliyokwisha kusema, kwa kuwa lawahusu wazee wetu.

Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, aliandika kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wa mgonjwa hutetemeka unapokuwa umepumzika. Mwendo wake huwa wa polepole, hatua huwa fupi, mwili huwa mgumu, uso hupoteza furaha yake ingawa moyo unayo. Akiandika, herufi zake huwa ndogo. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia sababu haikujulikana vizuri. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz wa Vienna alipima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huo, akakuta dopamini imepungua mno. Chembe zilizoitengeneza zilikuwa zimekufa. Mwaka 1961 yeye na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias huko Marekani alionyesha ya kuwa dawa hiyo ikinywewa kwa kipimo cha kuongezwa polepole humsaidia mgonjwa siku nyingi. Haiponyi ugonjwa, lakini humrudishia mtu mwendo wake.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Ulaya peke yake. Mwaka 2006 palifanyika hesabu nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, kwenye watu zaidi ya 160,000. Walipatikana wagonjwa 33, na walio wengi katika hao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao tu. Katika vijiji vingi mzee wa namna hiyo husemwa kuwa amerogwa, au amelewa, au ni uzee basi.

Na hapa twakutana na jambo la ajabu. Ile levodopa ipatikanayo hospitalini imo pia ndani ya mbegu za upupu, ule ule unaotuwasha porini! Wenyeji wa Bara Hindi wamezitumia mbegu hizo katika uganga wao tangu zamani. Lakini twawaonya sana: mtu asizichume akampa mzee wake. Kipimo hakionekani kwa macho, nayo dawa ikizidi huleta kichefuchefu, na mwili kujinyonganyonga, na hata kuona mambo yasiyokuwapo. Mpelekeni mzee kwa daktari apimwe.

Twasema hayo katika mazungumzo ya kujifunza kwa sababu hii. Mzee aliyepungukiwa na dopamini amepoteza kile alichokipata utotoni, yaani mwendo uendao wenyewe. Kila hatua sasa yampasa aifikirie, kama kijana wa baisikeli siku ya kwanza. Akisemeshwa anapotembea, huenda akasimama ghafula. Lakini mara nyingi ukimchorea mistari sakafuni, mmoja baada ya mmoja, aweza kuuvuka kila mstari kwa hatua njema, maana jicho lamsaidia pale ambapo njia ya zamani imeota majani. Na akifanya mazoezi kila siku, bado aweza kujifunza, ingawa kwa taratibu.

Basi, msikilizaji, ukimwona mtoto anayeanguka na baisikeli, au mzee anayesimama mlangoni asiweze kuinua mguu, usimcheke. Wote wawili wanafanya kazi moja. Mchukue mtoto kwa subira, na mzee mchoree mstari, kisha umngoje avuke.